Vistari Vitatu vya Chaji

Benchi la Bi Birika, muuza kahawa, lina mguu mmoja mfupi. Limewekwa kwenye kona, kati ya kibanda cha fundi redio na karakana ya seremala, na ukikaa upande huu, mwenzako wa upande ule anapanda kidogo. Aliyelitengeneza ni Randa, seremala wa karakana hiyo hiyo, na huu ni mwaka wa sita anaahidi kuipunguza ile miguu mitatu iliyobaki. Watu wamezoea. Kikombe cha kahawa wanakishika mbali na shati, na maneno yanakwenda kwa zamu, maana kijiwe kile kina sheria moja tu: kitu kipya hakipiti pale bila kukaguliwa, na anayekishika ndiye mwenye haki ya kusema. Akimaliza anampa wa pembeni yake. Kupokonya ni kukosa malezi. Kwa sheria hiyo waliwahi kumaliza asubuhi nzima na kufuli, na siku nyingine na jino la bandia la bwana mmoja aliyekuwa anapita njia tu.

Jumamosi ile Randa alifika saa tatu na nusu, boksi kwapani. Enzi zenyewe simu zilikuwa za kupigia na kupigiwa, basi, na mtu mwenye kamera ndogo ya kuingia mfuko wa shati aligeukiwa mara mbili. Akakaa. Akasimama. Akachungulia barabara, akakaa tena, na mwenzake wa upande wa pili akapanda na kikombe chake.

— Wewe leo una nini? akauliza Bi Birika huku anamimina. Umekalia msumari wako mwenyewe?

— Dada anasafiri. Basi lake la saa sita. Atapita hapa saa tano kuniaga.

— Na hilo boksi?

— Kamera. Ya kumpigia picha.

Hapo kijiwe kizima kikakaa sawa. Walikuwa watatu, ukimtoa Randa na mwenye birika lake. Kulikuwa na Bisibisi, fundi redio, ambaye kibanda chake kimejaa redio za watu waliokata tamaa ya kuzifuata. Kulikuwa na Breki, dereva wa malori aliyestaafu, mtu ambaye kila kitu duniani kwake kina injini. Na Lugha Saba, karani wa zamani wa ofisi ya mizigo, anayesema anajua lugha saba na hajawahi kukutana na mtu wa kumpima.

— Sijaja kuikaguza, akasema Randa haraka. Nina swali moja tu kwa Bisibisi. Hili boksi limeandikwa picha mia mbili na ishirini kwa chaji moja. Jumapili nilijaribu, nikapiga milango yangu na viti vyangu pale karakana. Picha ya thelathini na moja, ikazima. Nataka kujua chaji inakwenda wapi. Leo imejaa. Tangu jua lilipotoka, nilipokwenda kwa Dada kumfungia sanduku kamba, sijaiwasha hata mara moja, ili isipungue.

— Dada mwenyewe kakubali kupigwa? Bi Birika hakuamini.

— Kakubali.

Hilo lilikuwa jambo. Dada alikuwa na miaka sitini na nane na hakuwa na picha, ukiacha ile ya kitambulisho ambayo mwenyewe husema ni ya mtu mwingine. Ujanani alikwenda studio na gauni jipya, akapewa picha imeanzia shingoni na kuishia kwenye viatu. Kichwa hakikuwemo. Mpiga picha akamwambia gauni limetoka vizuri. Tangu siku hiyo, kila kamera ikitolewa, Dada ana chungu cha kwenda kukitazama jikoni.

Randa alimbembeleza mwaka mzima, na sababu yake hakumwambia mtu. Mama yao alifariki Randa akiwa na miaka mitano. Dada ndiye aliyemlea, akamwosha, akamsomesha, akamchapa ilipobidi. Na mama hakuacha picha. Kwa miaka mingi Randa akifumba macho alimwona mama vizuri tu, anacheka, ana upara mdogo hapa mbele wa kubeba mizigo kichwani. Kisha siku moja, yuko kazini anapiga randa mbao, alifumba macho akakuta hamna mtu. Kuna kitambaa cha kichwa, kuna mikono, uso hamna. Aliacha kazi siku ile akaenda kulala mchana. Sasa Dada anakwenda kukaa kwa binti yake, safari ya siku mbili, na kwa magoti yake hayo hakuna anayemtegemea kurudi. Randa aliogopa. Aliogopa kitoto kabisa, na ndiyo maana hakuweza kutulia kitako.

— Lete, akasema Bisibisi, mkono umekunjuliwa.

— Usiiwashe.

— Nitaiangaliaje imelala? Daktari anapima mgonjwa aliyejifunika blanketi?

Randa akampa. Kosa lenyewe ndilo hilo, na alilijua mkono ukiwa bado hewani.

Kamera ikalia tii, kidude cha mbele kikatoka, na kwenye kioo cha nyuma kikatokea kibetri kidogo chenye vistari vitatu.

— Vitatu. Imeshiba, akasema Bisibisi. Sasa sikilizeni. Betri kama hii ina kumbukumbu. Wewe mara ya kwanza uliichaji masaa mangapi?

— Masaa mawili hivi.

— Ona! Ukaichomoa haijajaa. Sasa inajua tumbo lake ni la masaa mawili. Hata ukiilisha wiki nzima, yenyewe ikifika mawili inasema ahsante nimetosheka. Umeiharibia malezi. Halafu kuna huu mwanga. Huu ndio mlaji.

Akapiga. Flashi ikawaka mchana kweupe kwenye uso wa birika.

— Umeona ilivyovuta pumzi? Subiri nikuonyeshe tena.

— Basi, nimeona.

— Hukuona. Ulifumba macho.

Akapiga birika mara ya pili, akapiga redio iliyokuwa mapajani mwake, akapiga kidole gumba chake mwenyewe kwa bahati mbaya, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha, akampa Breki. Ndiyo zamu.

Breki hakuitazama kamera. Alivuta boksi kwanza, akaanza kutoa vitu na kuvipanga benchini: chaja, waya mrefu, kamba ya mkononi, kimkoba cheusi, kitambaa kidogo cha kufutia kioo, kadi ndogo ya picha ya akiba kwenye kijumba chake cha plastiki na kijitabu kinene. Benchi likayumba, kadi ikadondoka, ikaokotwa.

— Nauliza, akasema Breki. Hivi vyote ulivikuta humu?

— Vyote. Vinakuja nayo.

— Na kamera ikilala, inalala navyo humu humu?

— Si ndiyo boksi lake?

Breki akawatazama wote, mmoja mmoja, kabla ya kusema.

— Chaja na betri boksi moja. Usiku kucha. Ndugu yangu, kazi ya chaja ni nini? Ni kupeleka umeme. Unadhani imefungiwa gizani pamoja na betri iliyoshiba, imekaa tu inaomba dua? Inachukua! Ilichotoa mchana inakirudisha usiku. Lori likitoka kiwandani linakuja na jeki, spana na tairi la akiba, lakini kila kimoja kina mahali pake. Hatukuwahi kulaza jeki kwenye tangi la mafuta.

— Hapo sasa, akasema Lugha Saba kwa sauti ndogo, japo haikuwa zamu yake.

— Tena ngoja nisikie gia zake.

Akabonyeza kitufe cha kuvuta picha karibu. Kidude kikatoka, zzz. Akabonyeza cha kurudisha, zzz. Akaiweka sikioni, akavuta, akarudisha, akavuta, macho kayafumba.

— Ya pili ni nzito, akasema.

— Breki, tafadhali, akasema Randa. Alikuwa amesimama, anatazama barabara, anatazama kamera. Chaji bado ipo?

— Ipo. Tazama.

Akaigeuza. Vistari viwili.

Randa akatupa jicho kibandani. Saa ya ukutani kwa Bisibisi ilisema saa nne na robo, na saa ya Bisibisi huwa inachelewa.

— Izimeni hiyo, akasema Bi Birika.

— Shemeji, huna zamu, akasema Breki.

— Sina zamu lakini nina akili. Kitu kinaisha kwa kuwashwa, nyinyi mmekiwasha mnauliza kwa nini kinaisha.

Wakamtazama kwa huruma. Breki akampa kamera Lugha Saba, ikiwa inawaka vile vile.

Lugha Saba akavaa miwani. Akafungua kijitabu, akakipindua kilipokuwa juu chini, akakipindua tena. Kamera kaishika mkono wa kushoto, kioo kinamulika kidevu chake, maana kuizima mtu yuko kwenye zamu ni kama kujifunga mdomo.

— Kimeandikwa lugha kumi na mbili, akasema.

— Yetu imo?

— Yetu haina haja ya kuwemo, mimi nimo. Hapa. Ukurasa wa tisa. Mnauona mkono huu uliochorwa? Kamba iko kwenye mkono gani?

— Wa kulia, akasema Bisibisi.

— Wa kulia. Na wewe Randa uliivalia wapi?

— Sikuivaa. Iko ndani ya nailoni yake.

Lugha Saba akavua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha kamera.

— Basi ndiyo maana. Kamba hii si urembo, jamani. Hawa watu hawatoi kitu bure. Hapa wanasema, natafsiri haraka haraka, wanasema kamera sharti isikie mapigo ya mwenyewe. Kwenye mshipa. Isipoyasikia inadhani imepotea, inaanza kuhangaika kumtafuta bwana wake. Inahangaika ndani kwa ndani, huku wewe unaona imetulia. Chaji ya mtu inaishia kwenye wasiwasi.

Kidogo Randa alitaka kucheka. Kisha akajiona alivyosimama anachungulia barabara, akakuta hana cha kucheka.

— Sasa wacha nione ulichopiga, akaendelea Lugha Saba. Kazi yangu miaka thelathini ilikuwa kuhakiki.

Akaanza kupitia picha moja moja, kila moja anaitolea maelezo. Mlango. Mlango. Kiti, kimekaa vizuri. Kiti hiki mguu umepinda. Mlango huu ni wa nani? Randa akajibu ni wa nani. Kwenye picha ya kidole gumba cha Bisibisi pakazuka ubishi wa dakika kumi, Bisibisi anasema si chake, Breki anakipima kwa macho. Wakaiwasha flashi wakakipiga kidole upya ili walinganishe.

— Chaji? akauliza Randa.

Kila alipouliza, waliipeperusha mbele yake kumwonyesha, na mtu lazima ashike kitufe fulani ili kibetri kionekane vizuri.

— Kimoja, akasema Lugha Saba. Lakini kinene.

Zamu ikarudi kwa Bisibisi, na safari hii alikuwa amefikiri. Akasema tatizo si Randa wala si boksi. Betri ya boksini ni ya kuonjesha. Kiwandani wanapika betri mbili, ya kweli na ya kuonjesha, na ya kweli wanaificha ili uje kuinunua peke yake baadaye. Mia mbili na ishirini ni za ile nyingine, ambayo Randa hajawahi hata kuiona. Breki akasema hiyo ingekuwa nafuu. Yeye alichokigundua sasa hivi ni kwamba kamera inalia tii kila inapopiga. Kwa nini ilie? Nani anaambiwa? Bila shaka kila picha nakala yake moja inakwenda kiwandani, na kwenda kule, baharini na milimani, si kazi ndogo. Chaji inaishia njiani.

— Kwa hiyo huko wana kidole changu? akauliza Bisibisi.

— Viwili.

Wakaliwaza hilo. Kwa mbali, kwenye kona ya barabara, mkokoteni ukajitokeza na sanduku la bati juu yake, na nyuma ya mkokoteni mwanamke mnene kidogo anatembea kwa kuegemea upande mmoja.

Randa akapokonya.

Kwa miaka sita yule alikuwa mtu wa kwanza. Benchi likaruka, vikombe viwili vikamwagika, na hakuna aliyelalamika, maana walimwona usoni. Akaitia kamera mfuko wa shati, akaishikilia kwa kiganja.

— Umeizima? akauliza Breki.

Randa akaitoa, akabonyeza kitufe ili awe na uhakika. Ilikuwa imekwisha kuzimika. Ikawaka. Kidude kikatoka tii, na kibetri kikaanza kuwakawaka chekundu.

— Zima! Zima! wakasema wote watatu, na mara hii ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana jambo tangu saa tatu.

Akazima.

Dada akafika. Alikuwa amesuka, nywele zimelala nyuma mistari minane myembamba, uso umepakwa mafuta unang'aa, na gauni la kijani ambalo Randa alikuwa analiona kwa mara ya tatu maishani. Mtu wa mkokoteni akaegesha, akasema mama, basi halisubiri. Dada akamwambia hata yeye halisubiri.

— Haya, nikae wapi? Na kichwa kiingie.

Kijiwe kizima kikahama benchini kumpisha. Breki akalishika upande ule wa mguu mfupi lisiyumbe. Lugha Saba akamwondolea jani la mti begani. Bi Birika akasimama pembeni na birika lake kifuani, akasema mwenzangu umependeza, wallahi. Dada akaweka mikono mapajani, akanyanyua kidevu, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekuwa analifanyia mazoezi kwenye kioo.

Randa akawasha. Tii. Uso wa Dada ukaingia kwenye kile kioo, wote, na kichwa kikiwemo na nafasi juu yake. Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kidude kikaanza kurudi ndani, kikafika nusu, kikasimama.

— Tayari? akauliza Dada, meno bado nje.

— Bado kidogo.

Akatoa betri, akaisugua kwenye suruali, akairudisha. Hamna. Bisibisi akailamba. Hamna. Breki akashauri isukumwe, kisha akaona haya mwenyewe. Bi Birika akaichukua bila kuomba zamu, akaifunga kwenye kile kitambaa cha kufutia kioo, akaigandamiza ubavuni mwa birika la moto, akahesabu kimoyomoyo. Wakairudisha. Kibetri kikatokea chekundu, kikakonyeza mara moja, kikaaga. Bisibisi akasema kuichaji ni masaa mawili. Mtu wa mkokoteni akakohoa.

Dada akashusha kidevu. Hakukasirika. Alimtazama mdogo wake alivyosimama na kile kitu mkononi, kimetoa kichwa nusu, akamwuliza kwa upole kabisa:

— Iliisha lini?

— Sasa hivi, Dada.

— Asubuhi ilikuwa nzima?

— Asubuhi ilikuwa imejaa. Vistari vitatu.

— Asubuhi ulikuwa kwangu.

— Ndiyo.

— Nilikuwa nimeshasuka. Gauni nimeshavaa, nimekaa mlangoni nakutazama unafunga kamba, jua linanipiga hapa. Na wewe kamera umeiweka juu ya sanduku. Sasa, mdogo wangu, mbona hukunipiga pale pale?

Bisibisi akatazama viatu vyake. Lugha Saba akafunga kijitabu. Kamera ilikuwa mkononi mwa Randa, kwa hiyo zamu ilikuwa yake, na wote wakamsubiri. Akafungua mdomo. Akaufunga, akaanza kukisukuma kile kidude kirudi ndani.

Dada akamwangalia anavyohangaika nacho. Akalisogeza gauni, akaweka tena mikono mapajani.

— Haya. Nitazame basi.

— Dada...

— Nitazame nimekwambia. Nimekuja nimevaa, sitaki kuondoka bure.

Akanyanyua kidevu. Safari hii hakutabasamu lile la kioo. Randa akasimama mbele yake, mikono imelegea, akamtazama. Akaliona kovu dogo juu ya nyusi, la sufuria. Akaiona ndewe ya kulia iliyochanika zamani, alipokuwa akimbeba mgongoni, naye Randa akivuta hereni. Akaliona pengo, akaziona zile mvi za kwenye nywele za kando ambazo msusi alijaribu kuzificha. Machozi yakamjia, akayafuta upesi kwa sababu yalikuwa yanamzibia. Breki alilishika benchi kwa mikono yote miwili, mishipa imemtoka, lisitikisike hata kidogo.

— Tayari? akauliza Dada.

— Tayari.

Akainuka. Akamshika Randa kichwani kama zamani, akamwambia ale, akamwambia hili benchi alitengeneze, linatia aibu. Mkokoteni ukaanza kulia. Randa akataka kumsindikiza, Dada akamkataza kwa mkono bila kugeuka. Gauni la kijani likafika kwenye kona, likapita.

Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe. Likatoka tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha, na nusu yake ilikuwa chini. Wale watatu wakaanza kurudisha vitu kwenye boksi, chaja, waya, kamba kwenye nailoni yake, kila kimoja kwa adabu. Breki akaitoa chaja tena, akaiweka kando, mbali na betri, kisha akaona haina maana, akairudisha.

Randa akakaa. Akafumba macho. Dada alikuwepo, kovu, ndewe, pengo, vyote. Akafumbua. Akafumba mara ya pili, bado alikuwepo vile vile, kidevu juu. Akataka kufumba mara ya tatu, akajizuia. Aliogopa kummaliza.